Wasifu wa marehemu mwalimu usisomeke kama fomu ya ajira

Msiba wa mwalimu mzee wa Kiingereza, tuseme amefariki na miaka 88, wasifu wake huwa unajulikana kabla haujasomwa. Alizaliwa, alibatizwa, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu, "alikuwa mcha Mungu", ameacha mjane na watoto. Amefundisha sekondari miaka 35, lakini hakuna hata sentensi moja inayomwonyesha akiwa na chaki mkononi. Mimi huo nauita uvivu, hata kama umeandikwa usiku wa manane watu wakiwa wamechoka.

Anzeni na tarehe. Kama ni Mkatoliki, nendeni parokia alikobatizwa mkaombe daftari la ubatizo. Pembeni mwa jina huandikwa pia kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kumaliza ubishi wa mambo matatu. Mwaka wa kuzaliwa ukitofautiana na wa kwenye barua ya ajira, chagueni mmoja. Msalaba ukisema 1938 na wasifu 1940, watu watarudi makwao wakijadili hilo tu.

Majina ya shule nayo yana mtego. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni Tanzania na baadhi zikabadili majina: St. Francis' College ndiyo Pugu Sekondari ya leo. Taja jina la enzi zake, kisha la sasa, la sivyo shule moja itahesabiwa mbili.

Utamu wenyewe uko kwa wanafunzi. Tafuteni watatu wa miongo tofauti, na msiwaulize kama alikuwa mwalimu mzuri. Msibani nani atasema hapana? Waulizeni alifanyaje. Mwalimu wa Kiingereza huku kwetu hupambana na mambo yaleyale kila mwaka. Mwanafunzi anaandika "my mother, he", maana "amekuja" yetu haijali mke wala mume. "Ship" na "sheep" zinatoka mdomoni sawasawa, irabu zetu zikiwa tano tu. "Book" inaota irabu mwishoni. Yeye aliyang'oa vipi hayo? Kwa wimbo? Kwa kuwatazamisha midomo yake? Insha aliirudisha kesho yake au baada ya mwezi? Jibu moja la namna hiyo nalipenda kuliko "mchapakazi" kumi.

Uchaji nao uonekane. Aliyestaafu na miaka 60 ameishi mingine 28, mingi pengine kanisani, na wasifu unaipa mstari mmoja! Semeni alikaa benchi gani, jumuiya ilisali kwake siku gani, nani alimsomea Injili macho yalipofifia.

Maneno 600 yanatosha, kama dakika sita kwa msomaji asiyekimbia. Chapeni kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na asome mpwa au jirani, kwani mtoto wa marehemu kilio humkatisha katikati. Paroko aulizwe mapema usomwe wakati gani: mwongozo wa Misa ya mazishi unataka mahubiri mafupi, si sifa za marehemu, hivyo ni salama zaidi kuusoma nyumbani kabla jeneza halijatoka.

Mkiweka humo sentensi ya Kiingereza, ihakikiwe mara mbili. Wanafunzi wake watakuwa wamejaa pale.