Geti la Reli na Hesabu ya Bosi

Mwaka wa sita huu naendesha bajaji hapa Mbeya, na geti la reli limenila pesa kuliko trafiki na bei ya mafuta ukiviweka pamoja. Trafiki unaweza kumsihi, ukamtaja hata mtoto mgonjwa. Geti utalisihi vipi?

Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Katika kilomita zote hizo, ikaona ipite katikati ya kijiwe chetu na soko. Ilianza kazi 1976, sijazaliwa, kwa hiyo siwezi kusema imenikuta.

Sasa sikia. Napakia abiria watatu, jero jero, na mmoja mbele pembeni yangu ambaye sheria haimtambui. Tukikaribia reli, mzee wa bendera anatoka kibandani, koti zito, kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi, maana Julai ya Mbeya haina utani. Anashusha bomba. Taratibu! Utadhani anashusha jeneza. Treni yenyewe haijaonekana, honi tu inalia huko mbali. Nyuma yangu imeshasimama Fuso ya viazi, kirikuu, Noah mbili, na bodaboda wanajipenyeza mpaka kwenye magoti yangu.

Mama wa nyuma anachungulia. Anakusanya kikapu chake.

"Mwanangu, niachie hapa hapa."

Anainama chini ya bomba, hatua kumi, yuko ng'ambo. Namuita, "Mama, nauli!" Anageuka akiwa ameshakaa kwenye bajaji ya mwenzangu: "Si hujanifikisha!" Na kweli sijamfikisha. Wawili waliobaki wanatazamana, nao wanashuka. Nabaki na yule wa mbele, naye habaki kwa mapenzi, ni kwamba mguu umekufa ganzi.

Ndipo treni inakuja. Ya mizigo, polepole, shaba ya watu inaelekea bandarini. Nahesabu mabehewa kwa sauti kama mtu anayehesabu madeni. Siku moja nilifika kumi na tisa likasimama. Katikati ya kivuko, limesimama kabisa! Nikamfuata mzee wa bendera kwa hasira, nikamwambia awaambie wenzake nao wawe wanasubiri magari yapite. Akanitazama kwa utulivu wa mtu mwenye mshahara wa mwezi.

"Kijana, treni ya mzigo ikiwa kwenye mwendo wake, ikishika breki hapa inaweza kwenda kusimama kilomita nzima mbele. Hicho cha kwako kinasimama ukikitolea macho tu. Sasa nani amngoje mwenzie?"

Nikarudi kwenye bajaji. Sikuwa na jibu, na hesabu ya bosi, ile pesa ninayompelekea mwenye bajaji, ilikuwa bado elfu kumi.

Shemeji yangu wa Dar ndiye alinitia ujinga. Alipiga simu akitamba: sisi huku TAZARA tuna flaiova tangu 2018, nyie mmekazana na mageti. Nikanyamaza, nikaenda kuulizia. Kumbe ile inabeba Barabara ya Nyerere kuipitisha juu ya Barabara ya Mandela, kwenye makutano yanayoitwa TAZARA. Gari limeruka gari lenzake, shemeji anahesabu ni treni! Lakini mbegu ilishaingia. Kila nikifungiwa geti nawahubiria abiria: hapa dawa yake ni daraja la juu. Nilihubiri mpaka nikapewa jina, Injinia.

Basi wiki iliyopita wakatokea vijana wawili wa vizibao vya njano, na kile kidude cha miguu mitatu wanachokifumbia jicho moja. Kijiwe kizima kikasimama. Muuza ndizi za kuchoma akaacha ndizi ziungue. Mwenye kibanda cha chipsi akaenda kuchungulia ukuta wake kama umeshapigwa X nyekundu. Mimi kwa vile ni Injinia, nikatumwa nikaongee na injinia.

Nikamuuliza daraja litakaa wapi. Akasema wanapima tu, hakuna kilichoamuliwa. Nikambana. Akachora chini kwa kijiti. Treni haiinami, alisema, kwa hiyo barabara ndiyo iinuke. Weka kimo cha treni, weka nafasi, weka unene wa daraja, tuseme mita 7. Gari lililopakia halipandi ngazi, linataka mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100. Gawanya mwenyewe.

Niligawanya. Mita 140 za kupanda, 140 za kushuka. Mia mbili na themanini za kuruka reli ambayo yule mama anaivuka kwa hatua kumi na kikapu juu! Na huo mpando niupande na watu wanne na gunia la viazi, kwa bajaji ambayo hata kile kimwinuko cha Kabwe inakipanda ikisoma dua. Geti linaninyang'anya abiria nikiwa nimefika nusu. Daraja litaninyang'anya kabla hawajapanda. Tena mguu wa daraja, kwa kile kijiti chake, ulianzia kwenye kijiwe chetu.

"Kwa hiyo bora geti?" akaniuliza.

Nikakasirika. Nani kasema bora geti? Miaka sita nalilaani, leo nilitetee? Nikamwambia mimi sitaki geti na sitaki daraja. Akacheka, akakunja miguu mitatu yake, akaniambia nimpeleke ng'ambo wakapime upande wa pili. Buku mbili, tukaelewana. Nikawasha. Mita thelathini tu, mzee wa bendera huyo, anashusha bomba.

Injinia akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Akabeba kidude chake begani, akainama chini ya bomba.

"Nitakulipa nikirudi," alisema.