Kabla hujahesabu vifaru, uliza stoo ya spea ina nini

Kila likija gwaride mitandaoni ndo usiseme, watu wanarusha picha za magari ya deraya, nchi flani ina vifaru vingapi, jirani ana ndege vita ngapi, ubishi mpaka usiku wa manane. Mi nimefanya kazi stoo za spea muda mrefu, zikiwemo za magari ya kambi za walinda amani, na kabla sijabishana na mtu huwa nauliza hivi: leo asubuhi vingapi vimewaka? Na kile kilichogoma kuwaka kinasubiri spea gani, na hiyo spea sasa hivi iko wapi? Mtu akishindwa kujibu hapo, zile namba zake za vifaru mi sizihesabu kabisa.

Na hili halijaanza leo. Julai 1943, kwenye Vita ya Pili ya Dunia, pale Kursk nchini Urusi Wajerumani walipeleka vifaru vipya vya Panther kama 200, tarehe 5 mapigano yakaanza, ilipofika tarehe 10 vilivyokuwa bado vinapigana mstari wa mbele ni 10. Kumi tu jamani. Na sio kwamba vyote viliteketea, vilivyokufa kabisa mpaka hapo ni kama 25, vingine vingi vilikuwa vimelala vinasubiri mafundi, vingine vimekanyaga mabomu na vingine mitambo imekufa yenyewe tu. Wafaransa waliovitumia baada ya vita walikuja kuandika 1947 kwamba zile gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye minyororo zinadumu kama kilomita 150, yani unatoka Dar na Morogoro hujaiona. Na viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinasukumwa vitoe vifaru vizima vingi iwezekanavyo ili namba ionekane kubwa, spea zikawa za baadae.

Sasa watu wengi wakisikia stoo wanadhani ni kurundika maboksi na kufunga kufuli. Spea nyingine zinazeeka zikiwa kwenye shelfu. Sili ya mpira ina tarehe yake pale kwenye pakiti, ukiifungia ikiwa imeshapita muda wake gari linaanza kuvuja oili ndani ya wiki na fundi ndo anaonekana hajui kazi. Betri ikikaa bila kuchajiwa inakufa. Tairi la gari lililopaki juani muda mrefu bila kusogezwa linapasuka ubavuni, na mwaka 2022 Urusi ilipoingia Ukraine dunia nzima iliona picha za mtambo wa makombora wa Pantsir umekwama kwenye tope na matairi yamechanika, akatokea mkaguzi mstaafu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Trent Telenko, akaeleza kwamba magari ya namna ile yanatakiwa yawe yanaendeshwa kila baada ya muda hata kama hayana safari. Mtambo wa mamilioni ya dola umesimamishwa na matairi!

Halafu kuna namba ya spea. Tarakimu moja ikikosewa kwenye oda unaletewa kitu kinachofanana kabisa na unachotaka ila matundu ya bolti hayakutani. Kuna kambi moja nilishuhudia gari la deraya limewekwa juu ya magogo miezi na miezi kwa ajili ya hozi moja ya haidroli, hozi ilikuja mara ya kwanza ni fupi, ikaandikwa oda upya, ikarudi ileile fupi, na muda wote huo vijana wanatoka doria na magari pungufu. Kinachofuata hapo kila fundi anakijua, lile gari linaanza kuchinjwa. Leo wanatoa altaneta wakaokoe gari jingine, kesho rejeta, keshokutwa taa, na hata hiyo hozi sahihi ikija haina gari la kufungwa. Na kuchinja ni kazi mara mbili, fundi anafungua huku na anafunga kule, na kila bolti unayofungua kuna hatari ya kuharibu kitu kilichokuwa kizima. Siwalaumu mafundi hata kidogo, wanaokoa jahazi, nawalaumu waliosaini manunuzi bila bajeti ya spea.

Kwenye ulinzi wa amani hili suala lina bei kabisa. Nchi ikipeleka kikosi inaandikiana na UN magari mangapi na ya aina gani, na upo mpango ambao nchi inaleta gari na inalitunza yenyewe kwa spea zake na mafundi wake, alafu UN inarudisha pesa kwa kila chombo kila mwezi. Wakaguzi wanapita kila robo mwaka, gari moja moja. Vyombo vizima kwenye kundi vikishuka chini ya asilimia 90 ya vilivyoandikwa, malipo yanakatwa. Na 2013, mwaka uleule Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walipopeleka askari kwenye ile brigedi ya UN ya kuingilia kati kule Congo mashariki, Baraza Kuu la UN likaongeza kwamba chombo kikikosekana au kikiwa kibovu hata marejesho yanayohesabiwa kwa askari yanaweza kupunguzwa. Kwahiyo filta ya hewa ambayo haijafika inagusa hazina ya nchi. Na filta kule zinaisha haraka, ukifuata ratiba ya kitabu kilichoandikwa na mtu wa Ulaya kwa barabara za lami utaishiwa nusu ya mwaka, unatakiwa ufuate leja yako mwenyewe, vumbi la hapo limekula filta ngapi mwezi uliopita na mwezi wa nyuma yake. Storkipa anayeandika leja yake vizuri ana thamani kubwa kuliko anavyolipwa.

Ila kinachoniumiza zaidi ni nani ana haki ya kutengeneza. Hata Marekani wenyewe wamebanwa hapa. 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara yao ya Ulinzi alitoa ripoti kuhusu kampuni ya TransDigm, kati ya spea 47 alizozipima 46 zilikuwa na faida ya kupitiliza, kuna kipini cha chuma cha nusu inchi kiliuzwa dola 4,361 wakati bei yake ya haki ilikuwa kama dola 46, kampuni ikaja kukubali kurudisha dola milioni 16.1. Na waziri wao wa jeshi la nchi kavu, Dan Driscoll, alieleza habari ya kinobu kidogo cha skrini ya helikopta ya Black Hawk, jeshi lingeweza kukitengeneza lenyewe kwa dola 15, ila utaratibu wa mtengenezaji ni ununue mtambo mzima wa dola 47,000. Aprili 2025 ndo ikatoka amri kwamba mikataba ya jeshi hilo iwe na haki ya kujitengenezea. Kama wao wenye pesa zote zile wamefika hapo, sisi tunaonunua kwa mkopo itakuwaje? Na ukigombana na anayekuuzia ndo kabisa, Iran walipata kwa Wamarekani ndege vita 79 za F-14 kabla ya mapinduzi yao ya 1979, baada ya hapo mlango wa spea ukafungwa, wakaishi kwa kuchinja, kwa magendo na kwa kuchonga wenyewe, na Marekani ilipozistaafisha za kwake 2006 ikazisaga nyingi ili hata bolti isifike kule.

Kwahiyo maoni yangu ni haya, mkataba wa kununua chombo chochote cha jeshi uje na spea za miaka ya mwanzo, vifaa vya kupimia, mafunzo, na michoro ya vile vitu vidogo vinavyokufa mara kwa mara, pamoja na ruhusa ya kuvichonga hapa. Tuna Nyumbu pale Kibaha, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, mabushi, mabano, gasketi na pini za namna ile hazihitaji kusubiri meli kama watu wake wakipewa michoro na chuma cha daraja sahihi. Na wabunge wa Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama wanapokaa faragha na wizara wasiishie kuuliza tumenunua nini, waombe asilimia ya vyombo vinavyowaka kwa kila aina, orodha ya vilivyolala na kila kimoja kinasubiri spea gani tangu lini. Orodha hiyo storkipa anaweza kuichapa mchana mmoja.