Ukurasa wa 4 Uko Wapi?

Hapa kwangu Tandika, anayenunua gazeti kwa ajili ya kulisoma ni mimi peke yangu. Waliobaki wote wanasubiri lizeeke. Na kuzeeka kwenyewe siku hizi hakungoji kesho. Naingia nalo asubuhi nimelibana kwapani, sijavua hata ndala, nasikia sauti kutoka uani: "Baba Rehema, ukimaliza usilitupe." Nani katupa? Tangu lini gazeti limetupwa kwenye nyumba hii? Hapa zimeshatupwa sufuria, redio imeshatupwa, shemeji yangu amenusurika mara kadhaa. Gazeti halijawahi.

Sasa juzi nimekaa barazani na habari yangu nzuri. Bwana mmoja kauza kiwanja kimoja kwa watu chungu nzima, wote wana karatasi, wote wana muhuri, na wote wamefika siku moja na matofali. Nasoma huku nacheka peke yangu. Kufika patamu, pameandikwa: Inaendelea Uk. 4. Nafunua. Kuna wa 2, halafu kuna wa 5. Wa 4 hayupo, na wa 3 kaondoka naye. Na kwa asiyejua, karatasi moja ya gazeti ina kurasa nne: mbili za mbele, na mbili wenzake za kule nyuma. Kwa hiyo aliyebeba ukurasa wa 4 kabeba na msimamo wa ligi.

"Mama Rehema, ukurasa wa 4 uko wapi?"

"Uko kazini."

Ndivyo alivyonijibu. Uko kazini! Mimi mwenyewe niko likizo bila malipo tangu mkandarasi wetu apotee na simu yake, lakini ukurasa wangu una ajira.

Mgawaji wa kurasa ni Mama Rehema, na mgao wake una sheria kuliko ligi. Zile kurasa za matangazo ya zabuni, zenye nafasi nyeupe kubwa, ni za fundi cherehani wa nyumba ya pili. Yule kabla ya kugusa kitenge cha mtu anachora vipimo kwenye gazeti, anakata mkono, anakata kola, anapima, akikosea anakosea kwenye zabuni. Kurasa za michezo zinawasha jiko la mkaa. Kwa nini michezo? Eti ndizo zinazoniletea kelele ndani ya nyumba, bora ziungue. Magazeti ya udaku hayaruhusiwi kufunika madaftari ya watoto, maana mwaka juzi daftari la Hisabati lilikwenda shule likiwa na dada mmoja amevaa nguo ya kuogelea, tukaitwa na mwalimu. Nilikwenda mimi, kwa kuwa wenye akili walikuwa wanafua.

Halafu kuna kurasa zisizoguswa. Tanzia na kumbukumbu hazifungii chakula. Hapo namuunga mkono. Huwezi kumkunja marehemu wa watu, anakutazama na tai yake, ukamviringishia vitumbua. Na mwezi wa Ramadhani, magazeti yanapotoa kurasa za mawaidha na nyakati za futari, mama mwenye nyumba anapita kukagua mwenyewe. Ukurasa wenye aya haukanyagwi, hauwashi jiko, haufungi samaki. Unakunjwa vizuri unawekwa juu ya kabati. Sasa kule juu ya kabati pamejaa, kabati limeanza kuinama, lakini nani atathubutu kupunguza?

Nikisema niende nikasome nje, nje nako hakusomeki. Jioni anapita kijana wa karanga, anachezesha sarafu mkononi, karanga zake kazifunga kwenye karatasi iliyosokotwa ncha. Nanunua, natafuna, nakunjua. Nakuta mume amerudi safari bila taarifa, kasimama mlangoni, kashika kitasa, anasikia mtu anakohoa chumbani. Karatasi imekwisha. Namkimbilia kijana, nanunua nyingine, nakunjua: ratiba ya mgawo wa maji. Nanunua ya tatu: nusu ya tangazo la mnada wa hadhara. Tumbo limejaa karanga, na yule mume hadi leo yuko mlangoni.

Na msinione nalalamikia kila kitu. Kuna mambo ya gazeti nimeyakubali. Vioo vya luva, kwa mfano. Mama Rehema anachanganya maji na siki, anafinyanga karatasi, anasugua, kioo kinang'aa mpaka nzi anajigonga. Kitambaa kinaacha nyuzi, gazeti haliachi. Isipokuwa fremu ikiwa nyeupe usiiguse nalo, itabaki na madoa ya wino, na mikono itakuwa myeusi utadhani umetoka kupiga kura mara kumi. Parachichi nalo ukilifunga kwenye gazeti linaiva upesi, kwa sababu tunda lina hewa yake linayoitoa inayoliivisha, na karatasi inaizuia isitoroke. Nimejaribu, ni kweli. Sema ukisahau ulipoliweka, litakukumbusha lenyewe kwa harufu.

Ila chakula cha moto, hapana. Tangu Juni 1, 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo na wengine malboro, gazeti lilipandishwa cheo bila kufanyiwa usaili. Zanzibar walishaikataza mifuko hiyo mapema zaidi, Kenya wakaikataza Agosti 2017, na kote huko gazeti likaitwa kuziba pengo. Sikatai, mifuko ile ilikuwa imeziba kila mfereji. Lakini wino wa gazeti haukauki kama rangi ya ukuta. Unanywewa tu na karatasi, na asili yake ni mafuta. Ukikutana na mafuta ya andazi lililotoka kwenye karai sasa hivi, wanatambuana, wanahama pamoja. India mamlaka yao ya chakula ilitoa onyo mwaka 2016 kwamba vyakula visifungwe kwenye magazeti. Mimi nilipewa onyo na ini. Nimetoka nalo buchani limefungwa gazeti, kufungua nyumbani nakuta kichwa cha habari kimejichapa juu yake, herufi zinatazama nyuma. Nikaliweka mbele ya kioo cha kunyolea ndevu nikalisoma. Lilikuwa la bei ya mafuta ya taa. Nililiosha, nikalila, lakini sikulifurahia.

Haya yote ningeyavumilia kama si shemeji.

Shemeji, ndugu yake Mama Rehema wa tumbo moja, alikuja kwa wiki moja ya usaili na usaili haujaisha. Siku hiyo kaona video kwenye simu: mkaa wa magazeti. Unachana karatasi, unaloweka kwenye ndoo usiku kucha, unaponda ziwe uji, unakamua matonge, unaanika, unapikia. "Shemeji," ananiambia, "serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe kwenye nishati safi ya kupikia. Sisi tunaanza mapema." Nikamuuliza kama nishati safi inaanzia kwenye ndoo yangu ya kuogea. Hakujibu, alikuwa anatafuta magazeti.

Sasa chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Ndani yake nina magazeti yangu, na yale si ya zamani, yale ni yangu. Nina ya Oktoba 1999, msiba wa Mwalimu. Nina la 2003, Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwao Cairo, kwa penalti, Juma Kaseja yuko langoni. Yamegeuka njano, ndiyo. Karatasi ya gazeti inatengenezwa kwa mti uliosagwa na gundi yake ya asili, na gundi hiyo ikipata mwanga na hewa inapiga rangi ya chai. Ndiyo maana nayaficha kwenye bati. Siyafichi ili mtu aje kuyaponda.

Shemeji ni Yanga.

Nisiseme zaidi. Nilitoka kuitafuta sabuni, nikapita uani, nikamwona Kaseja anaelea kwenye ndoo. Ya Mwalimu hakuyagusa, ana adabu kiasi hicho. Ya Zamalek ndiyo aliyoanza nayo, na aliyachana vipande vidogo kuliko mengine yote. "Sikuangalia tarehe, shemeji." Hakuangalia tarehe! Mtu asiyeangalia tarehe mbona alijua kuliacha la 1999?

Na mkaa wenyewe sasa. Msimu wa masika, matonge yameanikwa juu ya bati la choo, kila yakikaribia kukauka mvua inashuka. Yakaota ukungu. Yalipokauka hatimaye, tukayawasha: moshi umetanda mpaka kwa mama mwenye nyumba, majivu yamejaa jiko, na maharage yapo vilevile yanatutazama. Baadaye ndipo shemeji akaimalizia ile video, na mwishoni yule mtaalamu anasema tonge lichanganywe na vumbi la mkaa au la mbao, na likamuliwe kwa mashine mpaka liwe gumu, vinginevyo linawaka kwa pupa na kuzimika. Mwishoni! Kijana wetu kaangalia mwanzo tu, akaenda kuniulia Simba.

Masika hayohayo ndiyo yaliyonipatia ukurasa wangu wa 4.

Mwanangu wa darasa la tatu karudi na viatu vimelowa chapachapa. Mama yake ana ujuzi wake: anafinyanga gazeti, analisukuma ndani mpaka kwenye vidole, kabla ya kulala analitoa lililokunywa maji anaweka kavu, asubuhi kiatu kinavalika. Juu ya jiko haviweki kamwe, gundi ya soli inaachia. Haya, asubuhi mtoto kavaa, kaenda, karudi anachechemea.

"Baba, viatu vinanibana."

Nikahisi jasho. Viatu vya Januari hivyo. Nikaanza kupiga hesabu ya kwenda Karume kuangalia vya mtumba, nikamtazama mtoto kwa jicho baya kana kwamba anakua kwa makusudi. Nikamwambia avue niangalie. Kuingiza mkono, nakuta bonge la gazeti limekaa huko mbele, gumu, limechukua umbo la vidole. Mtoto kashinda nalo shule siku nzima, kacheza nalo mpira.

Nikalichomoa, nikalikunjua taratibu kwenye goti. Uk. 4. Wallahi. Kiwanja changu! Nikamfukuza kila mtu, nikawasha taa, nikasoma: mtuhumiwa alipoulizwa ni yupi hasa kati ya walalamikaji aliyemuuzia kihalali, aliinua kichwa, akatabasamu, akajibu kwamba... Hapo ndipo kidole gumba cha mwanangu kilipotoboa.

Nikaenda kwenye kiatu cha pili. Cha pili kilijazwa matokeo ya darasa la saba ya wilaya nyingine.

Sasa limezuka jipya. Magazeti yameanza kuadimika. Mtaani watu wanasoma kwenye simu, wanacheka kwenye simu, wanagombana kwenye simu, na jioni bado wanakuja kugonga kwetu: "Mama Rehema, huna kipande cha gazeti?" Fundi rangi anataka la kutandika chini asichafue sakafu. Jirani ana vifaranga wa siku moja, bwana mifugo kamwambia siku za mwanzo atandike magazeti juu ya maranda wasiyadonoe wakidhani ni chakula, halafu ayatoe mapema kwa kuwa yanateleza na kifaranga akiteleza miguu inatanuka. Mwenye bucha anataka. Wote wana simu kubwa kuliko yangu. Nikamwambia yule wa vifaranga, wewe si umesoma habari bure asubuhi? Tandika simu.

Nikaamua kugoma. Kwa nini mimi niwe mfadhili wa wilaya nzima? Nikaacha kununua, nikawa nasimama kwenye meza ya magazeti pale kituoni pamoja na wenzangu, mikono nyuma, tunasoma vichwa vya habari na kutoa uamuzi wa nchi kwa vichwa hivyohivyo. Muuzaji anatuvumilia. Ukinyoosha mkono kufunua ndani ndipo anakohoa.

Nyumbani mgomo ulionekana mapema kuliko nilivyotaraji. Chai ilikuja haina sukari, jiko halikuwaka, eti hakuna cha kuwashia. Fundi cherehani kaleta malalamiko kwamba gauni la bibi harusi limesimama kwenye kola. Shemeji naye, aliyeniangamizia Zamalek, ananiuliza kwa upole, "Shemeji, siku hizi hufuatilii mambo ya nchi?"

Jana Mama Rehema kafungua ncha ya khanga, katoa hela, kaniwekea mkononi. Kwenye ndoa yetu hiyo haijawahi kutokea. Nikadhani ni ya nauli niende hospitali.

"Kanunue gazeti," akasema. "Nene, lile la zabuni nyingi. Na njiani usilikunje, fundi hataki mikunjo."

"Na kulisoma je?"

Akafikiri.

"Mpaka ukurasa wa 3."