Mzazi anapokihoji kitabu cha darasani

Picha za kurasa mbili tatu za kitabu cha fasihi zikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha tatu, majibu ya pande zote mbili yanajulikana hata kabla hayajaandikwa. Mzazi mmoja anauliza ni nani aliyeruhusu mtoto wa miaka 16 asomeshwe habari za ubakaji. Mwalimu, au mzazi mwenzake aliyesoma fasihi chuoni, anamjibu kwamba hajasoma kitabu kizima, kwamba mwanawe anaona mabaya zaidi kwenye simu, na kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Hoja inafungwa hapo, na aliyeuliza anabaki ameonekana mshamba.

Nadhani mzazi huyo anaonewa. Nasema hivi huku nikitaka vitabu hivyo vibaki shuleni, na nitaeleza kwa nini mambo hayo mawili hayapingani.

Tuanze na wanaovitetea vitabu, kwa kuwa hoja yao ina uzito. Mfano wao mkubwa ni Rosa Mistika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kawaida cha kufundishia Tanzania na Kenya. Anayeisoma hadi mwisho haoni mahali inapomfundisha binti uhuni. Anachokiona ni Zakaria, baba anayedhani kipigo na vitisho vinatosha kumlinda binti. Barua moja ya mvulana inamletea Rosa adhabu ya kutisha. Msichana aliyelelewa kwa hofu ya namna hiyo anatoka nyumbani bila kinga yoyote, anaangukia mikononi mwa watu wazima waliopaswa kumlea, na mwisho wake anajiua. Mzazi akiifunga riwaya hiyo, swali linalombaki linahusu nyumba yake zaidi kuliko shule.

Kilio Chetu, tamthiliya iliyosomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne, inakwenda moja kwa moja kwenye mjadala huuhuu: wazazi wanabishana jukwaani kama watoto waelezwe habari za kujamiiana na UKIMWI au wafichwe, na kufichwa hakuwaokoi. Nchini Kenya, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba uliokuwa ukitahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, imo hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany iitwayo “Mame Bakari”. Sara, mwanafunzi, anabakwa na kupata mimba, na linalomtesa kuliko yote ni jinsi ya kumkabili baba yake. Mzazi anayeona neno “kubakwa” kwenye ukurasa na kutaka hadithi iondolewe huenda hajui kwamba anaondoa hadithi inayomwambia binti yake kuwa jambo kama hilo linaweza kusemwa nyumbani.

Hayo yote nayakubali. Tatizo langu linaanza pale watetezi wanapoileta takwimu yao.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na karibu mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Ukatili huo ulihesabiwa kuanzia kuguswa mtu asipotaka hadi kulazimishwa tendo lenyewe. Kati ya wasichana hao, takriban nusu tu ndio waliomwambia mtu. Takwimu hii hutajwa ili kusema: mnaona, mambo haya yapo, kwa hiyo watoto wasome.

Lakini iingizwe darasani tuone. Chukua darasa lenye wasichana 40. Kwa uwiano huo, 11 hivi kati yao ama yameshawakuta ama yatawakuta kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wale ambao yamekwisha kuwakuta, nusu hawajamwambia mtu. Mwalimu anafungua ukurasa ule na kumteua mmoja asome kwa sauti. Nyuma kuna wavulana wanaocheka, kama wavulana wa umri huo wanavyocheka wanapoona haya. Hakuna aliyejua wala aliyeuliza ni nani kati ya wale 40 hawezi kuusikiliza ukurasa huo. Takwimu inayotumika kumnyamazisha mzazi ndiyo hiyo hiyo inayompa haki ya kuuliza. Kama jambo limeenea kiasi hicho, basi kulifundisha kunahitaji maandalizi, na maandalizi hayo mzazi hayaoni.

Kisha tutazame linavyofundishwa. Yeyote aliyepita sekondari zetu anaijua njia: maudhui, fani, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, halafu “nafasi ya mwanamke katika jamii”. Chini ya kichwa hicho daftari la mwanafunzi linajaa vipengele vilivyonakiliwa ubaoni au kwenye kitabu cha uhakiki: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama malaya, mwanamke amechorwa kama mlezi. Kwenye orodha ya dhamira utakuta “umalaya” na “mmomonyoko wa maadili”. Mhusika aliyedhulumiwa na mtu mzima anageuka hoja namba mbili chini ya umalaya, kwa sababu mtihani wa Baraza la Mitihani umezoea kudai insha yenye hoja tatu kutoka kila kitabu katika vitabu viwili, na hoja fupi zinakaririka upesi. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri bila kuigusa riwaya yenyewe, akitegemea notisi peke yake.

Hapa ndipo ninapomwona mzazi ana jicho zuri kuliko anavyodhaniwa. Kinachomfikia nyumbani mara nyingi ni daftari, kitabu chenyewe hakioni. Anasoma kwenye mwandiko wa bintiye kwamba mwanamke ni chombo cha starehe, anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Mwandishi alikusudia msomaji amhurumie msichana na kumkasirikia aliyemdhulumu. Somo limekwisha, huruma haikuandikwa, hasira haikuandikwa, kilichobaki ni kipengele. Mhakiki anapomwambia mzazi “soma kitabu kizima”, amwambie pia mwanafunzi, maana naye hakukisoma.

Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za mfumo rasmi, jambo hili limekuwa zito zaidi. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini waliwahi kupata mimba. Wachache wao sasa wanaketi kwenye madawati hayo, wana watoto nyumbani, na wanaambiwa wataje “udhaifu wa mhusika” aliyepata mimba akiwa shuleni. Sijui mwalimu gani aliandaliwa kwa kipindi cha namna hiyo. Na kabla ya Novemba hiyo mimba ilimaanisha kufukuzwa, kwa hiyo mzazi wa miaka ya 1970 aliyeogopa kitabu cha mapenzi kwenye begi la binti yake aliogopa jambo lenye adhabu ya kweli. Kwamba riwaya imeshinda kwa muda hakumfanyi mzazi huyo mjinga.

Hoja ya simu nayo naiona dhaifu kuliko inavyosikika. Ni kweli watoto wanaona mengi kwenye simu. Lakini simu mzazi anaweza kuificha, kuizima, kuinyang'anya. Kitabu cha darasani kinakuja kimepewa ithibati, kimeandikwa kwenye muhtasari, kitatahiniwa, na mara nyingine mzazi ndiye anayetakiwa kukinunua. Anayelazimisha mtoto wa mwenzake asome ana wajibu wa kueleza sababu, kwa lugha ambayo mama muuza maandazi na baba dereva wa daladala wanaielewa.

Kinachonisikitisha ni kwamba malalamiko ya wazazi yakifika juu, jibu linalorudi ni katazo. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika shule kwa kuwa vinakiuka maadili, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Kuna wazazi walioshangilia. Lakini baada ya tangazo hilo, namna ya kufundisha fasihi ilibaki ile ile, daftari likabaki lile lile, na hakuna mzazi aliyeletewa orodha ya vitabu vilivyobaki pamoja na maelezo ya kwa nini vimebaki. Katazo humtuliza mzazi kwa wiki moja, kisha humrudisha alipokuwa: nje ya mlango wa darasa, akisubiri picha nyingine ya ukurasa.

Wakati huohuo, nafasi ya kumsikiliza ipo tayari ndani ya mfumo. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne imekuwa ikiorodhesha vitabu kadhaa kwa kila utanzu: upande wa tamthiliya, kwa mfano, Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu, upande wa riwaya, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Mtahiniwa hujibu kwa viwili. Kwa hiyo shule huchagua, na huchagua kimyakimya, kwa kuangalia vitabu vilivyopo kabatini na alivyozoea mwalimu. Uchaguzi huo ungeweza kusemwa kwenye kikao cha wazazi cha Januari, dakika 20 tu: vitabu ni hivi, hiki kina tukio la ubakaji, tutakisoma mwezi wa sita, mwalimu wa malezi atakuwepo, ukurasa huo hautasomwa kwa sauti.

Nawasikia walimu wakisema kwamba ukifungua mlango huo kila mzazi ataleta katazo lake: huyu hataki uchawi, yule hataki pombe, mwingine hataki jina la dhehebu lake litajwe. Hofu hiyo ina msingi, na mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki hana muda wa kubishana na kila mtu. Kwa sababu hiyo nisingempa mzazi mmoja uwezo wa kukiondoa kitabu kwa darasa zima. Ningempa taarifa mapema na nakala ya kusoma, na baada ya kuisoma, akibaki na msimamo wake, mwanawe ajibu mtihani kwa kitabu kingine kilicho kwenye orodha. Kuna gharama: mtoto huyo atatengwa kipindi hicho na wenzake watajua. Gharama hiyo ni bora mzazi aipime mwenyewe akiwa na kitabu mkononi.