Deni langu haliuzwi

Huu mtindo wa maofisa mikopo kututega sisi walimu, hasa wiki ya mshahara, umezidi. Hapa Mbeya hushuki daladala Kabwe bila kijana mwenye tai kukudaka: "Mwalimu, deni lako liko benki gani? Sisi tunalinunua, na unabaki na chenji mkononi!"

Chenji ndiyo chambo chenyewe. Tuseme umebakiza miezi 24 ya makato ya shilingi 300,000, yaani 7,200,000. Wanalilipa deni hilo benki ya zamani, wanakuhamishia kwao kwa mkopo mpya, makato yanashuka hadi 170,000 kwa mwezi, unapewa milioni 2 za chenji, unachekelea. Muda je? Miezi 72! Piga hesabu: 12,240,000. Chenji ya milioni 2 unailipia zaidi ya milioni 5, na bado ada ya mkopo na bima wanakata juu kwa juu kabla hujaishika.

Ukiuliza riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote hadi mwisho, unapewa kipeperushi chenye familia inacheka. (Hao hawadaiwi, naona.)

Naomba jedwali la marejesho nikalisome nyumbani. Hataki. Anataka saini leo leo, eti ofa inaisha Ijumaa. Ofa gani hii inayoisha kila Ijumaa?