Paje ina vitanda vya wageni, mwalimu alale wapi?

Mwishoni mwa mwezi wa tano mama mwenye nyumba alimwita mdogo wangu barazani, akammiminia chai, ndipo akamwambia: "Mwanangu, mimi sikufukuzi. Lakini msimu unaingia na kile chumba nishakiahidi. Masika yakirudi, na wewe rudi."

Mdogo wangu anasomesha skuli Paje, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Wiki mbili baadaye nilikwenda kumsaidia kuchukua vyombo. Chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi nyeupe, kitanda kipya kimetundikwa chandarua, na juu ya shuka pana taulo limekunjwa vizuri na ua jekundu katikati. Mtungi wake wa gesi, mkeka na sanduku la madaftari vilikuwa nje ubavuni mwa ukuta, vimefunikwa kanga.

Yule mama simlaumu. Miaka mingi amelima mwani, kazi ya kuinama ndani ya maji ya chumvi bamvua kwa bamvua, na malipo yake kila mtu wa pwani ile anayajua. Sasa siku chache za mgeni zinamlipa kuliko kodi ya mwezi mzima ya mwalimu. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana naudhika nikisikia watu wanasema wenyeji wana tamaa. Jambo hili ni kubwa kuliko roho ya mtu mmoja, na aliyepaswa kulipangia ni serikali.

Upepo wa Kusi unapovuma, kuanzia mwezi wa sita, Paje hujaa watu wa kaiti, wageni wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara. Ikija Kaskazi mwezi wa kumi na mbili hujaa tena, na Januari ndipo skuli zinapofunguliwa. Kwa hiyo mwalimu akitaka chumba cha bei anayoiweza, anakipata mwezi wa nne na wa tano, mvua zikinyesha na hoteli nyingine zimefunga. Mtu hawezi kuishi kwa miezi miwili ya mwaka.

Wafanyakazi wa hoteli hali yao ni ngumu zaidi. Upande wa pili wa barabara ya lami, kule uwandani kwenye mawe, nilioneshwa chumba cha vijana wanne wenye magodoro mawili. Wawili wanafanya kazi mchana jikoni, wawili ni walinzi wa usiku. Huyu akiamka yule analala. Chumba laki moja na nusu kwa mwezi, na dalali anataka miezi sita mkononi. Mwaka 2022 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake hadi shilingi 347,000. Hata kwa kipimo hicho, kodi ya miezi sita ni zaidi ya mshahara wa miezi miwili, hujala, hujatuma kitu nyumbani.

Na si kwamba hatujui kupanga makaazi. Tangu sheria ya kondominiamu ya mwaka 2010, mgeni anaruhusiwa kununua fleti Zanzibar, na akinunua ya dola 100,000 au zaidi katika mradi ulioidhinishwa anapata na kibali cha ukaazi. Yamefikiriwa kwa makini hayo, mpaka bei na karatasi. Mwalimu, muuguzi na mpishi hawakufikiriwa kwa makini namna hiyo.

Zamani walifikiriwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilijenga majumba ya maendeleo, si Michenzani ya mjini peke yake; hata Makunduchi, shamba kabisa, yapo mpaka leo, na mtu akienda huko anayaona yamesimama. Yalikuwa na kasoro zake, lakini waliojenga waliamini kwamba mtu wa kawaida anastahili nyumba ya kudumu.

Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, na mwekezaji anaikodi kwake. Basi kwenye mkataba huo iandikwe: hoteli yenye vyumba kadhaa lazima iwe na kota za wafanyakazi wake, zikamilike kabla mgeni wa kwanza hajalala. Na sehemu ya mapato ya utalii ijenge nyumba za walimu na wauguzi Paje, Jambiani na Nungwi, zenye kodi isiyopanda na upepo. Yule mama aendelee na chumba chake, haki yake.

Kwa sasa mdogo wangu analala Mjini. Alfajiri anapanda daladala la 309, karibu kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi, na kipindi cha kwanza kinamkuta keshachoka. Siku ile sanduku la madaftari lilinishinda kubeba; daladala lilikuwa limejaa. Yule mama mwenye nyumba alisema niliache tu. Baadaye akatupigia simu tusiwe na wasiwasi na mvua, amelihamishia ndani, chini ya kitanda cha mgeni.