Tupa ya Mjomba

Kazi yangu ni kuchora lebo. Ukinunua dagaa wa pakiti hapa Kirumba, Mwanza, ukakuta kisamaki kimechorwa kinatabasamu kana kwamba kukaangwa ni harusi, huenda mkono ni wangu.

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, ya gigabaiti (GB) 4 tu. Nikifungua programu ya kuchorea, nilikuwa na muda wa kwenda kununua chapati, kugombania chenji na kurudi, nikute bado inazunguka. Halafu nikaingiwa na tamaa nyingine: mashine pepe, yaani kompyuta inayokaa ndani ya kompyuta, nijifunzie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, bila kuivuruga Windows inayonilisha. Sasa mgeni huyo haji na chakula chake. Anakula RAM ileile ya mwenyeji. Katika GB 4 ukimmegea 2, mwenye nyumba analala njaa.

Basi nikapanga. Daftari, rula, kalamu za rangi mbili. GB 8 za kuchorea, 6 za mashine pepe, 2 za dharura. Jedwali lilipendeza hadi nikalibandika ukutani. Nilichosahau ni kufungua boksi nione mle ndani mnakaa RAM ya aina gani. Nikamtumia binamu yangu Dar pesa ya vijiti viwili vya RAM vya GB 8, aina ya DDR4 iliyokuja baada ya DDR3, kwa hoja kwamba nne ni kubwa kuliko tatu. Vikaja na basi.

Siku ya kuvifunga mjomba alikuwepo. Mjomba ni fundi mitumbwi. Mitumbwi mingi pale mwaloni imepita mikononi mwake. Akakalia ndoo, akatazama.

"Na hiyo mashine pepo yako..."

"Pepe, mjomba. Pepe."

"Haya."

Nikakandamiza kijiti. Kikagoma. Nikakigeuza. Kikagoma. Nikakipuliza, sijui kwa nini, ila kila mtu hupuliza. Nikatoka nje na simu kutafuta mtandao, ndipo nikasoma: kijiti kina pengo katikati ya meno, na pengo la DDR4 halikai mahali pa lile la DDR3. Limewekwa hivyo makusudi, mtu asije akachomeka kitu cha volti 1.2 penye volti 1.5. Hata meno hayalingani, 288 kwa 240. Na mazabodi yangu, ule ubao mkuu ambamo vijiti huchomekwa, ilikuwa ya DDR3.

Narudi ndani, nasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Mjomba kashika tupa. Kijiti kakibana kwa vidole vya miguu, suruali imejaa vumbi linalometameta.

"Mpwa wangu, ubao usipoingia unapunguzwa. Ulizidi hapa kidogo tu. Hebu jaribu."

Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, nimwambie nini? Nikasema, "Asante, mjomba." Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa safi, hakuna hata kibanzi.

Kijiti kilichosalia nikapanda nacho daladala hadi mjini, kijana wa spea akanibadilishia kwa viwili vya DDR3 vya GB 4, vilivyotumika. Akauliza pacha wake yuko wapi. Nikamwambia kapata ajali ziwani.

Jioni vikaingia, kwa! Mashine ikawaka. Nikafungua ukurasa wa mfumo kwa mbwembwe, mjomba akichungulia begani. RAM iliyofungwa: GB 8. Inayotumika: GB 3.4.

Windows yangu, niliyowekewa na mtu enzi hizo, kumbe ilikuwa ya biti 32. Hiyo haivuki GB 4 hata uifungulie ghala. Nikatazama jedwali ukutani na rangi zake mbili.

"Imepewa nane," mjomba akasoma taratibu, "inatumia tatu. Kuna mahali pameziba humo."

Akainuka kwenye ndoo. Nikamsikia anapekua sanduku la vifaa.